Usafiri Bure Dar Nzima, Halafu?

Wadogo zangu mnaouza mtandaoni, nimeona tena tangazo la mmoja wenu: "Viatu 25,000 tu, usafiri bure Dar nzima." Nimeshika kichwa. Haya, sogeeni.

1. Kodi ya fremu mmeikwepa, sawa. Kariakoo ungedaiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo kabla hujauza hata soksi, ilhali Insta haikudai kitu na mteja wa Songea anakuona. Ila gharama hazijafa, zimehama: ziko kwenye bando, kulipia tangazo, makato ya kutoa hela, na kwa boda.

Mimi boda ndiye aliyenimaliza. Nachukua pea kwa 18,000, nauza 25,000, najihesabia faida 7,000 huku nachekelea. Oda zinamiminika, simu haipoi, mama mkubwa ananitangaza mtaa mzima. Boda akapeleka pea Chanika, huko pembezoni mwa Dar. Kufika, dada hapokei simu. Baadaye: "Kaka samahani, 39 inanibana, una 40?" Boda karudi na kiatu, anataka hela ya kwenda na kurudi. Nikapeleka 40, dada sasa anataka nyeusi. Nami bado namwambia "usijali dada yangu", naogopa ataniandika vibaya kwenye komenti! Na wa namna yake walikuwa wengi. Mwisho wa mwezi naingia Kariakoo kuongeza mzigo, hela niliyonayo hainunui hata nusu ya pea nilizouza. Kumbe nilikuwa nawalipa watu wavae viatu vyangu. Na mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa kikoba, mweka hazina ni huyohuyo mama mkubwa. Sherehe za ukoo nilizikimbia.

2. Usafiri alipe mteja, kabla boda hajawasha pikipiki.

3. Meseji ya muamala ikitoka kwenye namba ya kawaida, huyo ni tapeli. Angalia salio ndipo ufunge mzigo.

4. Namba za wateja ziwe kwenye daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na kwetu ilikuwa jioni, watu wametoka kazini, ndio muda wa oda. Mwenye daftari alipiga simu. Sisi wengine tulikuwa tunazima data na kuwasha, tunalaumu bando.

5. "Bei njoo DM" acheni, jamani. Mtu ana bando la jero, linamwishia akisubiri umjibu "mambo dear".