Liverpool imeshinda au wameshinda?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Namanga, upande wa Kenya, na huwaandikia wenzangu wa kijiweni simulizi za mechi za zamani. Majuzi niliandika kuhusu Ligi ya Mabingwa Ulaya, msimu wa 2018/19: “Liverpool wakapindua meza, wakafunga Barcelona 4-0. Origi alifunga Liverpool mabao mawili, Wijnaldum mawili.” Rafiki yangu wa ng’ambo ya mpaka, Tanzania, akaniambia niandike “Liverpool ikapindua meza”, tena kwamba nimemfanya Origi msaliti. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme mkondo wa pili au marudiano?

JIBU: Marahaba. Kwa Origi, rafiki yako kakushinda bila ubishi, na nitafika huko. Kwa Liverpool mna haki nyote wawili, ila haki zenu hazina uzito sawa.

Neno timu lenyewe halina mjadala. Liko katika ngeli ya I-ZI: timu imeshinda, timu zimeshinda. Ndani yake mna watu kumi na mmoja wenye pumzi zao, lakini pumzi hizo haziifikii sarufi. Ni kweli Kiswahili huwapeleka viumbe hai katika A-WA hata pale umbo la neno linapovuta kwingine. Kipofu ameanguka, wala hatusemi kimeanguka, rafiki amekuja, simba ananguruma. Kundi la viumbe hai, hata hivyo, halihesabiwi kuwa kiumbe hai. Jeshi limevuka mto, kamati imekaa, umati umetawanyika, familia imehama. Anayeandika “timu wameshinda” sina la kumtetea.

Jina la klabu ndilo lenye utamu. Liverpool, Ajax na Barcelona hayakuzaliwa na ngeli. Jina la pekee la kitu huazima ngeli ya nomino ya kawaida iliyojificha nyuma yake. Tunasema Rufiji umefurika kwa sababu akilini tunauona mto. Tunasema Mwananchi limeandika kwa sababu ni gazeti, ingawa mwananchi wa kawaida, mwenye miguu miwili, ameandika. Ndivyo ilivyo kwa Liverpool imeshinda: nyuma yake pana timu, au klabu, na zote mbili ni za I-ZI.

Watanzania wana sababu yao ya ziada ya kuishikilia hiyo i-. Klabu yao moja kubwa inaitwa Simba. “Simba amefungwa” inaweza kuwa habari ya bustani ya wanyama; “Simba imefungwa” ni habari ya uwanjani, na shabiki wa Yanga akiisikia huanza kucheka kabla sentensi haijafika mwisho. Kabla ya 1971 klabu hiyo iliitwa Sunderland, na wakati huo shida hii haikuwapo. Sisemi kwamba jina hilo ndilo lililoifundisha nchi nzima sarufi ya michezo, lakini masikio yaliyozoea kutenganisha mnyama na klabu kwa kiambishi kimoja hayawezi kuipokea “Liverpool wakapindua” bila kukunja uso.

Kenya mambo ni mengine. Watangazaji na waandishi wengi wa michezo huko hupendelea wa-: Gor Mahia wameshinda, Arsenal wamelala. Wapo wanaosema huu ni ugonjwa uliotoka katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho nacho hulifanya jina la klabu kuwa la watu wengi. Huenda kimechangia, lakini mimi sikubali kwamba chote kimetoka huko. Mswahili hakuhitaji kufundishwa kuiona timu kama watu. Mtu husema “hao Arsenal” bila kufikiri, na Watanzania haohao wanaoshikilia i- wamezipa klabu zao majina kama Wekundu wa Msimbazi na Wananchi, yote ya A-WA. Ukisema Liverpool walicheza kwa moyo, msikilizaji anajua unawasema wachezaji. Maana imelivuta jina kutoka katika umbo lake, na jambo hilo linakubalika.

Basi kwa nini nilisema haki zenu hazilingani uzito? Kwa sababu ya kihusishi cha a-unganifu. Mweke Mkenya na Mtanzania meza moja, waulize juu ya kikosi kilichoifunga Barcelona usiku ule wa tarehe 7 Mei 2019. Wote watasema “Liverpool ya Klopp”, kwa jina la kocha wake wa wakati ule. “Liverpool wa Klopp” ni nadra mno kuisikia. Vivyo hivyo Barcelona ya Messi, Ajax ya ten Hag, Arsenal ya Wenger. Palipo na haja ya kulishika jina kwa nguvu na kulibandika neno jingine, ngeli ya msingi inajitokeza yenyewe, nayo ni I-ZI. Kwa hiyo i- ndiyo nyumba ya jina. Wa- ni ziara. Ziara hairuhusiwi kuharibu nyumba: “Liverpool ya Klopp wakapindua meza” imekatika mguu katikati. Ama uandike “Liverpool ya Klopp ikapindua meza”, ama utafute nomino inayostahiki wa- na uiachie kazi: “Vijana wa Klopp wakapindua meza.” Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haimwudhi mtu wa upande wowote wa mpaka.

Ipo njia ya tatu ambayo hukuiuliza, na naamini kijiweni kwenu inatumika sana: “Barca kala nne.” Ka- hii ni ame- ya mazungumzo, na maana yake ni kwamba klabu nzima imefanywa mtu mmoja, aketi mbele yetu na aibu yake. Ndiyo maana huja zaidi katika kutaniana: Barca kafa, City kalia, PSG kaachia tena. Kijiweni iache ilivyo. Kwenye simulizi ya kuandika, itumie tu ukiwa umemnukuu mtu.

Ukishachagua kiambishi cha mtenda, kiangalie na cha mtendwa. “Liverpool iliifunga Barcelona” imenyooka. “Liverpool waliwafunga Barcelona” nayo imenyooka. “Liverpool iliwafunga Barcelona” huandikwa kila siku; siiti kosa kubwa, lakini imeiona timu moja kama kitu na nyingine kama watu ndani ya pumzi moja, na mhariri mwenye subira angeigusa. Wewe umeandika “wakafunga Barcelona”, umekiacha kabisa kiambishi cha mtendwa. Katika vichwa vya habari hilo huvumiliwa kwa sababu ya nafasi. Katika simulizi usikiache, maana kitenzi kufunga kina kazi nyingi: hufungwa mlango, hufungwa mzigo, hufungwa Ramadhani. Barcelona pia ni mji. Asiyefuata mpira anaweza kudhani Liverpool ilikwenda Hispania ikauwekea mji kufuli.

Sasa Origi. Divock Origi alizaliwa Ostend, Ubelgiji, na baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Najua mashabiki wa Kenya humhesabu kama mtoto wa nyumbani, kwa hiyo umemkosea mtu wako mwenyewe. Barcelona ilikuja Anfield na mabao matatu mkononi kutoka mechi ya kwanza, Camp Nou. Liverpool iliwakosa Salah na Firmino. Origi akaanza dakika ya 7, Wijnaldum akaongeza mawili dakika ya 54 na ya 56, kisha dakika ya 79 Alexander-Arnold akapiga kona upesi, mabeki wa Barcelona wakiwa hawajajipanga, Origi akamaliza kazi. Mtu huyo ndiye uliyeandika kwamba “alifunga Liverpool”. Tofauti iko katika silabi moja. Aliifunga Liverpool ni kuwa alikuwa upande wa pili. Aliifungia Liverpool ni kuwa alifunga kwa ajili yake. Hiyo -i- ya kutendea ndiyo inayomtenga shujaa na adui. Sentensi yako iwe: “Origi aliifungia Liverpool mabao mawili.”

Lakini angalia, kufungia nako kuna mtego wake, kwa kuwa ndilo neno la adhabu. Msimu huohuo, hatua ya kumi na sita bora, Ajax ilifungwa 2-1 nyumbani na Real Madrid. Sergio Ramos wa Madrid akatafuta kadi ya njano kwa makusudi, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikamfungia mechi mbili, mechi ya Bernabéu akaitazama akiwa jukwaani. Madrid ikafungwa 4-1. Dušan Tadić aliifungia Ajax moja kati ya hayo manne. Kwa hiyo mmoja alifungiwa, timu yake ikafungwa, na wa upande wa pili akaifungia yake. Kinachotuokoa ni neno mabao au bao: palipo na bao ni kufunga, palipo na mechi tatu au miezi sita ni adhabu. Usiliache bao likaning’inia mbali na kitenzi chake.

Ukitaka la nne, lipo: kujifunga. Robo fainali, Old Trafford, bao pekee la Barcelona dhidi ya Manchester United liliandikwa kuwa la Luke Shaw. Alijifunga. Hapa Kiswahili ni kifupi na hakina huruma, na sioni haja ya wale wanaoandika “alifunga bao katika lango lake mwenyewe”.

Nimeona pia katika simulizi yako ndefu uliyoambatisha kwamba Tottenham “iliishinda” Manchester City. Katika mashindano ya mtoano, kushinda na kutoa ni vitu viwili. Tottenham ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 4-3 Etihad, jumla ikawa 4-4, na ikapita kwa sababu ya mabao ya ugenini, ambayo wakati huo yaliamua jumla ikiwa sawa, baada ya VAR, yaani waamuzi wa video, kulikataa bao la Sterling wa City dakika za nyongeza. Usiku ule City ilishinda ikatolewa. Sentensi hiyo ina maneno matano tu na haina utata wowote. Ni kazi ya -ka-, inayoleta tokeo la pili mgongoni mwa la kwanza bila kueleza kwa nini. Ukitaka kusema nani alisonga mbele, tumia kutoa, kung’oa, au kubandua kama wasemavyo sana Kenya. Ukitaka kusema matokeo ya dakika tisini, tumia kushinda na kufungwa. Ukizichanganya, msomaji aliyezaliwa baada ya sheria ya bao la ugenini kufutwa, kuanzia msimu wa 2021/22, hataelewa hata kidogo vipi timu ifungwe na bado icheze nusu fainali.

Na nusu fainali hiyo ina somo lake kwa mwandishi anayetumia i- kote kote. Amsterdam, tarehe 8 Mei: Ajax ilikuwa imeshinda 1-0 London, ikaongeza mawili kabla ya mapumziko kupitia de Ligt na Ziyech. Pochettino, kocha wa Tottenham wakati huo, akamtoa Victor Wanyama, akamwingiza Llorente, na Lucas Moura akafunga matatu, la mwisho dakika ya sita ya nyongeza. Sasa jaribu kuandika: “Ajax ilipokutana na Tottenham ilikuwa mbele, lakini ilipofika kipindi cha pili ilibadilika, ikafunga matatu.” Nani alibadilika? Klabu zote mbili ni i-, na kipindi nacho kimeingizwa na “ilipofika”, ambayo ilipaswa kuwa “kilipofika”. Hapa waandishi wazoefu hukimbilia wenyeji na wageni: “Wenyeji walikwenda mapumziko wakiongoza; wageni wakarudi na nguvu mpya.” Maneno hayo ni ya A-WA kwa haki yao, hayahitaji ziara ya mtu, na yanakupa wa- uliyoizoea. Klabu zikiwa mbili kwa pamoja usisahau zi-: Ajax na Tottenham zilitoka jumla ya 3-3.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Mkondo wa kwanza na wa pili husikika zaidi Kenya. Tanzania husema mchezo wa kwanza na mchezo wa marudiano. Yote ni Kiswahili kizuri. Mkondo una faida ya kuonyesha kwamba mechi mbili ni maji ya mto mmoja, na jumla ya mabao inakusanywa. Marudiano yana hasara ndogo, kwamba hutumika pia pale mechi iliyotoka sare inaporudiwa upya. Kwa hiyo katika habari za Ulaya mimi huandika mkondo wa pili, na nikihofia msomaji wa Bara hajauzoea huanza na “mchezo wa marudiano” kisha nikaendelea na mkondo. Fainali haina mkondo, ni mechi moja: Madrid, tarehe 1 Juni, Salah kwa penalti dakika ya pili, Origi dakika ya 87, na Wanyama benchi la Tottenham akitazama. Origi aliifungia Liverpool, kumbuka.