Wifi yangu alikuwa msafi, sasa nyumba inanuka. Ni uvivu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie naandika toka Makorora hapa Tanga. Nina wifi yangu, mke wa kaka angu, wamepanga Ngamiani, mwaka wa tatu huu wa ndoa. Alivyoingia kwetu alikuwa msafi mpaka mama akawa anamsifia kwa watu, saa 12 asubuhi uani kushafagiliwa, sufuria zinang'aa, jioni anafukiza udi. Tangu ajifungue mambo yamegeuka. Mtoto ana miezi 4. Ukiingia utakuta nepi zimelowekwa ndoo mbili toka juzi, vyombo vimejaa kwenye karai nzi wanatembea, nguo chafu na zilizofuliwa ziko kochi moja hujui ipi ni ipi, na yeye kakaa kitandani na dera lile lile. Ukimsalimia anaitika ila macho hayapo. Bombani wanamsema. Kaka anasema mwezi ukiisha anamrudisha kwao Pangani akafundwe upya, na mama anaunga mkono. Mie roho inaniuma. Ni uvivu au kuna kitu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie kaka ako asimrudishe mtu popote, nakuomba sana, ukishamaliza kusoma hapa nenda kamwambie.

Nyumba nzima mmeziangalia zile ndoo za nepi, mie nimeangalia neno lako moja tu, kwamba alikuwa msafi. Wako watu vitu vyao vimetapakaa maisha yao yote na wana raha zao, wanakula, wanacheka, ukiwauliza kisu kiko wapi wanakitoa chini ya kochi, hao wala siwaogopi. Ninaemuogopa ni yule aliebadilika. Usimpime wifi yako kwa jirani wa chumba cha pili, mpime kwa yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Sasa hebu hesabu na mie. Zile siku 40 za uzazi bila shaka mama ake au somo yake alikuwepo, anamkanda maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, nepi zinafuliwa na mtu mwingine yeye kazi yake kunyonyesha tu. Siku ya 41 yule mtu kafunga mzigo wake karudi kwao, na nyinyi mkaona basi uzazi umeisha. Kumbuka vizuri, uchafu ulianza lini? Nadhani utakuta ni hapo hapo.

Mzazi kulialia wiki mbili za mwanzo ni kawaida na huwa inaisha yenyewe. Ikivuka hapo, mtu hana furaha na chochote, hata mtoto anambeba kama anabeba mzigo wa mtu mwingine, hiyo inaitwa sonona baada ya kujifungua na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Wala sio wa watu wachache, Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea asilimia 19.8 ya wanawake waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa sonona, yani karibu mmoja katika kila watano, kwahiyo hao hao wanaomsema bombani wamo waliopitia na hawakuwa na wa kumwambia.

Na inavyofanya kazi ni hivi. Sonona haimfanyi mtu apende uchafu, inamuondolea ile nguvu ya kuanza. Wewe kuosha vyombo ni kazi moja, kwake ni kuinuka, kwenda kuchota maji, kutafuta sabuni, kusugua masizi, kusuuza, kupanga, na kila kimoja kimeshamshinda kabla hajakigusa, anakaa anaviangalia na anajichukia. Halafu uchafu wenyewe nao unamrudia. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Darby Saxbe na Rena Repetti, walitoa utafiti wao wa watu 60 walio kwenye ndoa, wakawaomba waitembeze kamera nyumbani kwao huku wanaelezea, na wakawapima mate yao kuangalia kotisoli, ile homoni ya msongo ambayo kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Wanawake walioielezea nyumba kama imejaa vitu na viporo vya kazi, homoni yao haikushuka inavyotakiwa, na jioni walikuwa na huzuni zaidi. Yani mwili unakaa macho siku nzima. Sasa mtu kama huyo umuongezee na maneno ya mama mkwe?

Nenda kesho asubuhi. Usiingie na fagio mkononi watu wa uani wanakuona, itakuwa umeenda kumtangaza. Ingia, msalimie, fua zile nepi, osha vile vyombo, usitoe neno lolote la usafi. Kisha mbebe mtoto umwambie wifi alale, na umuulize hili: mtoto akilala, na wewe usingizi unakuja? Mchovu wa kawaida akipata nafasi analala kama jiwe, mwenye sonona mara nyingi anabaki anatazama dari. Muulize pia waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usiogope kuwa unamtia wazo, hutamtia. Akikubali, au anasikia sauti, au siku kadhaa halali kabisa na anaongea vitu visivyoeleweka, ni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Kama hayupo hivyo msindikize kliniki ya mtoto, na baada ya mtoto kupimwa uzito sema mama nae haendi vizuri. Yapo maswali 10 mafupi ya kupima sonona, yaliyotungwa Edinburgh kule Uskoti mwaka 1987 kwa ajili ya wazazi wa namna hii, yanatumika nchi nyingi. Ombeni apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo pia, maana vyote viwili vikiharibika baada ya uzazi vinamlegeza mtu hivi hivi. Wakiona inahitajika watamwandikia aende hospitali ya Bombo. Dawa zipo anazoweza kutumia huku ananyonyesha, daktari atachagua. Najua mama atasema mashetani, usibishane nae, dua msomeeni na hospitali aende.

Na kaka ako, anaelala humo humo ndani, mwambie nepi zinafulika na mkono wowote.

SWALI: Shangazi, mie wa Chumbageni, wangu ni kinyume. Tangu tumalize arobaini ya baba silali mpaka nyumba yote nimepiga deki, saa 8 usiku niko kwenye kabati. Mkoba wake naupangusa vumbi kila siku ila siufungui. Jana nimempiga mwanangu wa miaka 6 kwa kusogeza mto wa kochi.

JIBU: Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu baba. Watu wanakusifia usafi kwahiyo hakuna atakaekuuliza unaendeleaje. Leo usiku acha kikombe kimoja kichafu, kaa kitako, uone kinachokuja, kama ni kilio kiache kije. Ila ukiona deki na kupangapanga kunakula zaidi ya saa nzima kila siku na ukijizuia moyo unakwenda mbio, hapo nenda hospitali. Mtoto muombe radhi leo, mwambie kosa sio lake. Na ule mkoba mwite ndugu yako mmoja, muufungue pamoja.