Mgonjwa akianza kusimulia, msimkatize

*Sista, mama yangu kalazwa. Kila muuguzi akija, yeye ni habari za shamba lake la Mkuranga tu. Nimwambie anyamaze? (Mbagala)*

Usithubutu! Niliwahi kuuguza mzee ambaye presha yake haikushuka, na dawa tunampa kila asubuhi. Usiku mmoja zamu ilitulia, nikavuta stuli, nikamuuliza habari za kwao. Akaanza na minazi, akaja kwa marehemu mkewe, akafika kwenye vidonge: mkewe alimeza vyeupe kama hivi, siku ya tatu akafariki. Akainua mto. Vidonge vyake vyote vilikuwa pale, kavifunga kwenye karatasi ya maandazi. Faili lake linasema "anatumia dawa". Asubuhi daktari akakaa naye, akamwelewesha, na tangu siku hiyo akawa anameza mbele yangu. Presha ikaanza kushuka.

Mama na asimulie shamba lake. Na wewe, kama una tabia ya kumjibia maswali ya muuguzi, acha. Anayeumwa ni yeye.

*Kusimulia kunatibu kisukari? Nimechoka na sindano. (Tabata)*

Hakutibu. Swali hili mnaniletea kila mara na jibu ni lile lile: usiache insulini. Mwambie muuguzi wako kinachokuchosha, hapo ndipo maneno yanaposaidia.

*Mimi ni muuguzi, nina wagonjwa 40 kwa zamu. Muda wa hadithi nautoa wapi? (Temeke)*

Pole, mwanangu, uhaba huo naujua. Lakini mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapima madaktari, wakakuta wanamkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Unapofunga kidonda, mikono ndiyo ina kazi, masikio yana nafasi. Uliza "ilianzaje?" halafu nyamaza. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari na kufungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) London mwaka 1967, aliwasikiliza wagonjwa wa saratani hadi akatambua kwamba ndani ya maumivu yao kuna mwili, hofu, familia na imani. Na dawa za maumivu aliwapa kwa wakati. Ulichokisikia kiandike kwenye faili, wa zamu ya usiku akikute.

*Naweza kumrekodi baba akisimulia ugonjwa wake, nitume kwenye grupu la ukoo? (Kigamboni)*

Akikubali mwenyewe. Nanyi wauguzi mnaopiga picha wodini na kuzirusha, mnamvua mgonjwa nguo hadharani. Acheni!

*Mgonjwa wangu hataki kusema lolote. (Ubungo)*

Usimlazimishe. Mpelekee uji, kaa naye. Kesho kaa tena.