Kuwasilisha kesi kikaoni: utambuzi utajwe lini?

Swali: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kila nikipangiwa kuwasilisha kesi kwenye kikao cha asubuhi, nikifika kwenye majibu ya damu nusu ya watu wako kwenye simu zao. Mwenzangu anasema niufiche utambuzi, yaani jina la ugonjwa, mpaka mwisho. Bingwa wetu anataka niutaje mwanzoni. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba. Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja ana kikao chake kichwani.

Kikao cha asubuhi kipo ili watu wajizoeze kufikiri wakiwa bado hawajui jibu. Ukiweka jina la ugonjwa kwenye slaidi ya kwanza, kila dalili itaonekana kana kwamba ilikuwa wazi tangu mlangoni. Kikao cha kujadili vifo na madhara ni kinyume chake: mwisho unajulikana, basi utajwe mapema, muda utumike kuchambua maamuzi. Hapo hatari ni wale wa "mbona ilikuwa wazi?" Wazuie kwa kueleza, kila hatua, daktari wa zamu alikuwa anajua nini saa ile, bila kuongeza kilichojulikana baadaye.

Hata hivyo, kuficha jina peke yake hakutawatoa kwenye simu. Wanachoka kwa sababu unawamwagia taarifa zote bila kuwauliza chochote. Zitoe kwa mpangilio ulivyozipata wewe, na usimame kila panapodai uamuzi.

Tuseme unaanza hivi: mama wa miaka 28, anakohoa na kupumua kwa shida. Ukumbi utasema nimonia, na si kosa. Endelea: hana homa, alijifungua wiki 3 zilizopita, miguu yote miwili imevimba, usiku analala ameegemea mito mitatu. Simama hapo, kabla ya picha ya kifua, umwombe mmoja aieleze kesi yote kwa sentensi moja. Huyu atasema, "Mama mwenye kikohozi na uvimbe wa miguu." Mwingine: "Mama aliyejifungua wiki 3 zilizopita, anayeshindwa kupumua akilala chali, miguu yote imevimba, hana homa." Wa pili ameshaelekea kwenye moyo, na nimonia imerudi nyuma. Bonge la damu kwenye mapafu bado lipimwe uzito, maana wiki za baada ya kujifungua ni za hatari kwa hilo, ingawa uvimbe wake mara nyingi huwa wa mguu mmoja. Mtofautishe hao wawili mbele ya watu. Somo kubwa la asubuhi liko hapo, kuliko hata kwenye jina la ugonjwa.

Kisha uliza: mkiruhusiwa kipimo kimoja tu sasa hivi, mtachagua kipi, na jibu lake litabadilisha nini? Wakishajifunga na jibu ndipo uonyeshe eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), ambapo sehemu ya damu inayosukumwa kila pigo iko chini ya asilimia 45. Hapo kadiomayopathi ya uzazi, yaani udhaifu wa misuli ya moyo unaohusiana na ujauzito na kujifungua, inapata uzito, mradi hakuna sababu nyingine inayoeleza udhaifu huo wa moyo.

Majibu ya damu onyesha yale tu yanayobadilisha mawazo. Mengine kaa nayo mfukoni. Anayeyataka atauliza, na swali lake litakuonyesha anafikiria nini. (Slaidi yenye vipimo 40 kwa herufi ndogo haijawahi kumfundisha mtu.) Jina na namba ya mgonjwa visionekane popote.

Mtindo wa kumpa mjadili kesi asiyoijua, kisha mtaalamu wa patholojia (anayechunguza tishu za mgonjwa) akatoa jibu, ulienezwa na daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, na kesi za hospitali hiyo zilichapishwa kwa miongo mingi katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Ni mtindo mzuri, lakini mjadili hupewa taarifa zote kwa pamoja na muda wa kujiandaa. Usiuige kwenye kikao kifupi cha asubuhi.

Kuhusu bingwa wako: mpelekee kesi nzima jioni ya siku iliyotangulia, utambuzi ukiwemo. Wengi wanaotaka jibu mapema wanataka tu kujiandaa. Mwombe azungumze mwisho, maana bingwa akishasema, wadogo hawatathubutu kutoa mawazo tofauti. Maswali yaanzie kwa walio chini kimasomo, yapande.