Kabla Hamjapanda Treni ya Mombasa, Ongeeni Pesa

Juzi jioni nimekaa kwa matatu ya South B, jam imeshika vile hushika siku ya mvua, nikapata meseji kutoka kwa msomaji mmoja wa Embakasi. "Dada, tuko watano, Desemba tunataka kutembea Pwani yote na mabegi mgongoni, tuanze Diani mpaka Lamu, kila mtu ako na elfu kumi na tano, tuanzie wapi?" Niliisoma mara tatu, nikairudia tena, mpaka dere akanipitisha steji yangu na ikabidi nirudi kwa miguu kwenye matope.

Dadangu, sisi pia tulikuwa watano. Na njia ilikuwa hiyo hiyo. Nimeamua nikujibu hapa ili na wengine wasome, kwa sababu najua mko wengi mnaopanga hii safari kwa grupu za WhatsApp saa hizi, na hakuna mtu huwaambia mahali inaharibikia.

Yetu ilikuwa Februari mwaka jana. Mimi, binamu yangu, kijana mmoja tulikuwa tunafanya naye kazi, rafiki yangu ambaye tulilala chumba kimoja chuo miaka minne, na jamaa aliyekuja naye. Kila mtu alichanga 12,000, jumla 60,000, na zote zikaingia kwa M-Pesa yangu kwa sababu mimi ndo nilikuwa nimepanga kila kitu na wote walisema wananiamini. Hapo ndo kosa la kwanza lilipoingia na hakuna aliyeliona. Hatukuandika kitu. Hatukukubaliana pesa ni ya nini na si ya nini. Tulisema tu "tutaelewana huko mbele", na tukacheka, tukapanda treni pale Syokimau tukiwa na furaha ya kupasuka.

Safari ya kushuka haina mambo mengi. Treni ya ekonomi ni 1,500, ilipandishwa kutoka 1,000 mwanzo wa 2024, na Desemba hujaa mapema sana kwa hivyo kateni sasa na msisahau vitambulisho. Ukishuka Miritini unaingia mjini, unaenda feri Likoni, kwa miguu hulipi, ukivuka unapata matatu za Ukunda.

Sisi tulishukia njia panda ya Tiwi, tukachukua boda mpaka ufuoni, tukapiga tenti. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa mpaka unaona kivuli cha mnazi kwenye mchanga, na mimi nililala nikifikiria hakuna mtu Nairobi nzima anaishi kuniliko. Sikujua mwezi kama ule una maana yake kwa watu wa bahari. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ni siku za bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haisongi sana. Watoto wa Pwani wanajua hii kabla hawajaanza shule. Sisi tulikuwa na digrii tano na hakuna hata mmoja aliyejua.

Mpango ulikuwa tutembee ufuoni kutoka Tiwi mpaka Diani. Njiani kuna mto, Mwachema, unaingia baharini pale karibu na msikiti wa zamani wa Kongo, na maji yakipwa unauvuka kwa miguu. Mwenye kambi alituambia tuwe pale saa nne asubuhi. Lakini asubuhi tulianza kubishana. Jamaa alitaka kifungua kinywa cha hoteli, binamu yangu akasema mahamri na mbaazi yanatosha, rafiki yangu akauliza kama pesa ya kuchanga inalipa chakula cha hoteli au la, kila mtu na jibu lake, tukakaa hapo masaa mawili na nusu tukihesabu mia mbili mia mbili. Tulifika mtoni saa saba.

Kulikuwa na mzee amekaa chini ya mbuyu anarekebisha wavu. Nilimwambia "sasa", vile tunasema huku, akanitazama tu. Binamu yangu akamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, ndo akaongea. "Ngojani yapwe tena, wanangu. Yashaanza kujaa." Nikaangalia maji, yalikuwa yananifika magotini, kwa macho yangu ni kitu kidogo. Nikasema tuvuke tu. Mimi ndo nilisema. Wengine walinifuata kwa sababu ndo nilikuwa kiongozi.

Katikati ya mto maji yalikuwa kiunoni, na hayakuwa yanatoka juu kuja baharini vile nilitarajia, yalikuwa yanaingia kutoka baharini, yanasukuma nyuma ya magoti mpaka mchanga unatoroka chini ya nyayo. Ukiinua mguu mmoja, ule mwingine unazama. Nilishika begi kichwani kwa mikono yote miwili. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, nikasikia ameniita jina mara moja tu, nikageuka nikamwona ameanguka kwa ubavu, begi limelala juu ya maji. Yule mzee alikuwa ameshaingia, sijui aliacha wavu saa ngapi, akamshika mkono akamtoa. Hakutugombeza. Alisema pole, akarudi kwa kazi yake.

Rafiki yangu hakuumia. Simu yake ndo ilikufa. Ilikuwa kwa mfuko wa mbele wa begi bila hata kipande cha nailoni, na alikuwa amemaliza kuilipia mwezi huo huo.

Hapa nataka niwe mkweli kwa sababu nimeona watu wakisimulia safari zao na wao ndo hawajakosea kitu. Kuvuka mto lilikuwa kosa langu. Nilimwomba msamaha usiku ule Diani na nikaona amenisamehe. Lakini alipouliza kama pesa ya kuchanga inaweza kutengeneza simu, nikamwambia hapana, ile ni ya safari. Sikuwauliza wengine wanaonaje. Nilijibu haraka, kama mtu wa benki.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri na nitazipita. Shimoni tuliingia lile pango la watumwa, tukavuka na boti ya wanakijiji mpaka Wasini, kisiwa hakina gari hata moja, kina mama wa kijiji wana daraja la mbao linapita juu ya matumbawe ya zamani yaliyosimama kama mawe ya makaburi, na unalipa kidogo tu. Mkienda kuona samaki Kisite ile ada ya hifadhi inalipwa eCitizen, kwa hivyo muwe na bando. Na jamani, Wasini na Lamu ni vijiji vya watu wa dini, jifungeni leso, msitembee na nguo za kuogelea katikati ya nyumba za watu.

Mambo yaliharibikia Kilifi. Tulifika jioni, tukatembea kwenye daraja, lile la 1991, zamani watu walivuka hapo kwa feri, na jua lilikuwa linazama kwenye mkono wa bahari mpaka hata wenye hasira walinyamaza. Tukarudi kwa chumba, jamaa akasema tufanye hesabu. Nikafungua simu. M-Pesa ilionyesha nimetoa pesa taslimu mara nne, lakini pesa taslimu ikishatoka nani anajua imeenda wapi? Boda, madafu, viazi karai, tuktuk. Tulikaa chini sakafuni na karatasi, tukakumbushana moja moja, na mwisho zikakosekana 3,400. Nilirudia hesabu mpaka jasho likanitoka. 3,400.

Rafiki yangu hakupiga kelele. Alisema, "Simu yangu hukuweza kutengeneza, kumbe zilikuwa na kazi." Basi. Maneno hayo tu. Nimelala na huyo mtu chumba kimoja miaka minne, nimemshika mkono siku alizika babake, na aliamini nimekula 3,400. Saa tatu usiku yeye na jamaa yake walikuwa kwa basi la Nairobi.

Tuliobaki watatu tuliendelea. Gede, ule mji wa kale uliobaki magofu kati ya miti mikubwa, kuna kaburi limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na nilisimama hapo nikiwa na machozi na mwongozaji akafikiri ni historia imenigusa. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa hivyo msipite tu mkienda Watamu. Kutoka Malindi tulipanda basi mpaka Mokowe, barabara siku hizi ni lami ila vizuizi vya polisi ni vingi, kaa na kitambulisho mkononi, halafu boti mpaka Lamu.

Siku ya pili Lamu nilikuwa nafua nguo juu ya paa. Nikaingiza mkono kwa mfuko wa ile kaptura nilivaa Diani, nikatoa karatasi imelowa na kukauka mpaka imekuwa ngumu kama ngozi. Risiti. Malipo ya mbele ya boti ya Kisite, 3,400, nililipa taslimu asubuhi moja wenzangu wakiwa bado wamelala. Nilikaa pale chini kati ya nguo mbichi, punda analia kule kwa kichochoro, sikuweza kusimama.

Nilipiga picha nikamtumia. Alama mbili zikawa bluu dakika ile ile. Hajajibu mpaka leo.

Sasa dadangu, umeniuliza muanzie wapi. Anzieni Embakasi, kwa meza, wote watano, kabla ya kukata tiketi hata moja. Ulizaneni pesa ya kuchanga inalipa nini: kulala, nauli, boti, chakula? Na chakula gani, cha hoteli au cha kibandani? Mtu akiharibikiwa na simu au akiugua, inatoka wapi? Wekeni kando kila mtu elfu mbili ya dharura. Pesa ishikwe na mmoja, kitabu kishikwe na mwingine, na kila jioni kabla ya kula kisomwe kwa sauti, hata kama mmechoka, hata kama ni mia mbili ya madafu. Vijana wenzangu mnafikiri kuulizana pesa ni kukosa imani. Mimi nawaambia kutoulizana ndo kunaua imani, kwa sababu shaka haitokei siku mko na raha, inangoja siku mmechoka na jua limewachoma na kila mtu anataka wa kulaumu. Usiseme "sisi ni marafiki". Sisi pia tulikuwa.

Desemba bei zitakuwa juu, mkiweza sogezeni mwisho wa Januari, bado ni kaskazi na maji ni masafi, msingoje Aprili kusi ianze na mvua. Beba raba za kutembea kwenye miamba, wale wadudu wa baharini wenye miiba myeusi hawana huruma. Simu funga na nailoni mbili.

Na mkifika Mwachema, ulizeni saa za maji kwa mtu wa pale, na muanze na shikamoo. Kama yule mzee bado anakaa chini ya mbuyu na wavu wake, mwambie yule msichana aliyeanguka alifika nyumbani salama.