Kiki ya "Amepotea" achaneni nayo, pangeni ndoo

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dar, tumemaliza filamu fupi ya dakika 17, ilikuwa kazi ya darasa ila tumeipenda hatutaki iishie kwenye flashi ya mwalimu. Stori ni ya binti wa hosteli anapotea, kinachobaki ni ndoo yake kwenye foleni ya maji, wenzake wanaanza kutupiana lawama. Tunataka kuionyesha ukumbini, tuna wiki 5 na hela ya promo laki mbili na nusu. Sasa tumegawanyika. Kuna wanaotaka turushe tangazo la AMEPOTEA na picha ya muigizaji wetu kwenye magrupu na kwenye nguzo za umeme bila kusema ni filamu, alafu siku tatu kabla tunatoa siri. Wengine wanasema tuiweke nzima YouTube sasa hivi tupate viewers. Tufuate lipi?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni, kumaliza filamu na watu wa darasa moja bila kununiana sio kitu kidogo.

Nianze na AMEPOTEA maana ndo inayonitisha. Najua mmeitoa wapi. Mwaka 1999 Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, jamaa wawili waliokutana wakisomea filamu University of Central Florida kule Marekani, walitoka na filamu ya kutisha ya The Blair Witch Project, wakasambaza matangazo ya watu waliopotea kwenye tamasha la filamu la Sundance, wakawa na tovuti inayoeleza kabisa kwamba vijana wa kwenye filamu wamepotea kweli msituni, na filamu iliyotengenezwa kwa hela ndogo sana ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Kila anayesomea filamu anaijua hiyo stori. Ambacho hakisimuliwi sana ni kwamba mama wa yule muigizaji wa kike alikuwa anapokea kadi za rambirambi na mwanaye yuko hai. Na hapo bado hata WhatsApp haijazaliwa.

Hapa kwetu picha ya binti ikishaandikwa "tafadhali sambaza kwa kila grupu" haina breki tena. Nyie mtatoa siri siku tatu kabla, sawa, ila mtakaowafikia na siri sio walewale waliopata tangazo, lenyewe litakuwa limeshafika Tunduma, shangazi yake atapigiwa simu saa saba usiku, na mwakani bado kuna mtu atamsimamisha stendi ya Magufuli "we si ndo yule unatafutwa kwenu?" Mmemuuliza yeye mwenyewe lakini? Na kuna familia zinazunguka na picha za ndugu zao kweli, zinabandika kwenye nguzo hizohizo mnazozitaka nyie, mtu akishagundua kadanganywa na filamu, tangazo linalofuata analipita tu. Kama huruma haiwatoshi basi someni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kusambaza mtandaoni kitu unachojua ni uongo ili kupotosha watu, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote kwa pamoja. Nyie mna laki mbili na nusu.

Halafu kiki nzuri mnayo tayari ila mmeikalia. Ni ndoo. Kila aliyekaa hosteli anaijua ile foleni ya ndoo alfajiri kwenye bomba, zimeandikwa majina kwa rangi ya kucha, "Neema rumu 14", "Usiguse", mwenyewe karudi kulala kaiacha ndoo imshikie nafasi. Ndoo isiyo na mwenyewe foleni ikiwa inasogea, hiyo ndo filamu yenu mwanangu. Azimeni ndoo 15 za watu, zipangeni mstari mbele ya kantini asubuhi, kila moja ina jina, ila ya mwisho ina jina la filamu, tarehe, saa na ukumbi. Hamjamdanganya mtu yeyote, na kila anayepita atatoa simu apige picha. Ila ombeni ruhusa kwa mshauri wa wanafunzi kwanza, msije mkaambiwa mnafanya mgomo wa maji.

Na hapo hapo, barua yako ni ndefu, nimejua dakika za filamu, nimejua bajeti, nimejua ugomvi wenu, jina la filamu hujaniandikia. Wala ukumbi, wala tarehe. Unaniomba ushauri wa promo! Hebu angalia na posta yenu kama haina ugonjwa huohuo, maana naona posta nyingi za Bongo zina vichwa saba vinaelea angani, mmoja analia, mmoja ana bastola, moto unawaka nyuma, ukitafuta inaonyeshwa lini huoni. Picha iwe moja. Ndoo zimejipanga, moja imeanguka, basi. Mkimaliza kuidizaini itumeni kwenye simu ya elfu sitini yenye kioo kilichopasuka, muiangalie ikiwa bado ndogo haijafunguliwa, kama jina na tarehe havisomeki rudini kazini. Na picha ya posta msiikate kutoka kwenye video, mtu akiwa anatembea inatoka na ukungu, rudini lokesheni nusu siku na mtu mwenye kamera mpige picha za maana, ndo hizohizo mtazipeleka gazetini na kwenye matamasha.

Trela sekunde 30, ya kusimama, maana watu wanaangalia statasi na TikTok simu ikiwa wima. Msianze na nembo ya kampuni yenu ikizunguka na moshi na radi, hakuna anayewajua, atakuwa ameshaskrolo. Anzeni na mkono unaandika jina kwenye ndoo. Wekeni maandishi ya mazungumzo chini, nusu ya watu wako kwenye daladala na sauti wamezima. Muziki msichukue wimbo wa staa yeyote wa Bongo Fleva eti kwa sababu ni sekunde 15 tu, hakuna sheria ya sekunde 15, ni uvumi wa mtaani, na YouTube ina mashine inayoutambua wimbo hapohapo. Chuoni hamkosi mtu anapiga biti chumbani kwake, mlipeni kidogo na aandike karatasi kwamba kawaruhusu, muitunze.

Kuhusu kuiweka nzima YouTube, subirini. Matamasha mengi hayataki filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni, yanataka yawe ya kwanza kuionyesha au angalau yawe miongoni mwa wa kwanza. Na nyie mna ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, hapo ng'ambo tu, tangu 1998 inafanyika Unguja na inapokea filamu fupi, ukionyesha kazi yako Ngome Kongwe usiku, watu wamejaa kwenye ngazi za mawe, hizo viewers elfu mbili za YouTube hutazikumbuka. Tengenezeni linki yenye nywila kwa ajili ya waandaaji, wekeni tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na muwe na maelezo mafupi ya stori yasiyozidi sentensi mbili. Mkishazunguka huko mwaka mmoja ndo muimwage mtandaoni, na hapo mtakuwa na cha kuandika juu ya posta.

Kitu ambacho hujakigusa kabisa ni Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ihakikiwe na kupewa daraja kabla haijaonyeshwa hadharani, na ya mwanafunzi nayo ni filamu. Mkiuza tiketi ndo kabisa. Mwambieni mwalimu awaandikie barua ya kuwatambulisha, nendeni wiki hii, msitangaze tarehe kabla hamjajua mmefikia wapi. Nimeona mabango yameshabandikwa mji mzima onyesho likaahirishwa kwa ajili ya kibali, na ukishaahirisha mara moja watu hawarudi.

Ukumbi hauhitaji kuwa Mlimani City. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Alliance Française, Goethe, hizo sehemu zimezoea filamu za vijana, ulizeni. Hata bwalo la chuo linafaa mkiziba madirisha, ila hela iende kwenye sauti sio kwenye zulia jekundu! Spika mbovu inaua filamu kuliko kitu kingine chochote. Na watu wanakuja kwa kuitwa, posti peke yake haileti mtu. Mko wangapi kwenye kruu, 14? Kila mmoja aandike majina matano ya watu atakaowapigia simu, sio kuwatumia meseji, kupiga, hao ni 70 na ukumbi mdogo umeshajaa. Wapigieni na wasimamizi wa hosteli, wao wana stori za ndoo kuliko nyie.

Baada ya onyesho mtu mmoja asimame mlangoni na simu, awaombe watu watatu wanne waseme walichokiona wakiwa bado wamoto. Klipu hizo ndo promo ya onyesho la pili.

SWALI: Anti, na sisi tuna filamu ya chuo, kuna dada ana wafuasi laki nane anataka laki tatu atuposti mara moja. Tumlipe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Muulizeni kwanza wafuasi wangapi wako Morogoro, akiguna mmeshajibiwa. Laki tatu hiyo kodisheni noa mbili zilete wanafunzi wa sekondari ya jirani na mwalimu wao, viti vitajaa.