Simulesheni ya ghala: anza na saa mkononi, miwani baadaye

Mkuu, nimekuelewa hivi: ghala la mita 36 kwa 60, milango miwili ya kupakilia, foklifti tatu za tani mbili na nusu, magari kama 24 kwa siku, foleni inatokeza nje ya geti, na madereva wapya wanagonga raki. Bosi anataka kununua miwani ya uhalisia pepe na programu ya simulesheni (inayoigiza kazi za ghala kwenye kompyuta) kwa mpigo mmoja. Hizo ni kazi mbili: programu ni ya mpangilio wa ghala, miwani ni ya kufundisha madereva. Ya mpangilio ndiyo itangulie. Ukimzoesha dereva njia za ghala la kwenye miwani leo, mwezi ujao ukahamisha raki, utakuwa umemfundisha korido ambazo hazipo tena.

Kabla ya programu yoyote, chukua kikokotoo. Magari 24 kwa siku ya kazi ya saa 10 ni 2.4 kwa saa. Kila gari likikaa mlangoni dakika 40, milango yako miwili iko kazini asilimia 80 ya muda. Watu wakiona 80 wanasema nafasi bado ipo. Haipo. Kwa hesabu za foleni, magari yakija bila ratiba na muda wa kupakia ukiyumbayumba sana, gari litasubiri wastani wa dakika 71 hivi kabla ya kuingia mlangoni. Punguza upakiaji kutoka dakika 40 hadi 34, na kusubiri kunashuka hadi dakika 29 hivi. Dakika sita tu! Ndiyo maana sikushauri ukimbilie kununua foklifti ya nne.

Ila hesabu hiyo ni wastani wa muda mrefu, nayo haijui kwamba magari yako mengi yanafika kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, wala kwamba foklifti moja inahudumia milango miwili huku nyingine ikipandisha mzigo uliotoka kwenye kontena. Kwenye karatasi mlango wa tatu unashusha kusubiri hadi dakika 8. Hiyo ni pale tu mlango huo unapokuwa na foklifti yake na vibarua wake. Usipouongezea watu, gari litakaa mlangoni muda mrefu zaidi, na foleni utakuwa umeihamishia ndani. Hapo ndipo simulesheni inapolipa: inaonyesha nani anamsubiri nani.

Sasa vipimo, na hapa ndipo miradi mingi inapofia. Kwa wiki mbili andika kila gari: saa ya kuingia getini, kufika mlangoni, paleti (ubao wa kubebea mzigo) ya kwanza kupakiwa, paleti ya mwisho, hati kutoka, gari kutoka getini. Usishangae ukikuta gari limejaa tayari linasubiri karatasi robo saa nzima huku limeziba mlango. Tatizo hilo halitibiwi na raki wala miwani. Unalihamishia gari kwenye maegesho, karatasi zinalifuata huko.

Kwa foklifti, pima kila kipande peke yake: kwenda bila mzigo, kujipanga mbele ya raki, kunyanyua na kutoa, kurudi na mzigo, kuweka. Vipimo 30 kwa kila kipande ni kiwango cha chini. Usitumie mwendo wa kwenye kijitabu cha mashine. Kijitabu kitakuambia kilomita 18 kwa saa, wakati ndani ya ghala lenye kona na watu wa miguu, ukipata 6 au 7 shukuru. Na kosa kubwa kuliko yote: muda wa kusubiri usiuchanganye na muda wa kazi. Dereva akitumia dakika nne na ndani yake sekunde 90 alikuwa amezuiwa na mwenzake koridoni, kazi ni dakika mbili na nusu. Ukiandika nne, modeli (ghala lako la kwenye kompyuta) itaongeza msongamano wake juu ya ule uliokwisha kuuhesabu, na kila mpangilio utaonekana mbaya.

Usiiingizie modeli wastani mtupu. Ipe orodha yenyewe ya vipimo, au kama huna vya kutosha, muda wa aina tatu: mfupi kabisa, wa kawaida, mrefu kabisa. Modeli ya wastani haina foleni, kwa sababu foleni inazaliwa na tofauti.

Programu: JaamSim ni ya bure na ya huria, unavuta vitu kwa kipanya na unaona magari yakitembea. Anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, atumie SimPy, nayo bure. AnyLogic ina toleo la bure lakini ni la kujifunzia, si la kazi ya biashara. FlexSim ni nzuri sana kwa maghala na inalipiwa. Kwa ghala la ukubwa wako sioni sababu.

Modeli ikiwa tayari, usikimbilie kujaribu mpangilio mpya. Ilishe magari ya wiki iliyopita kama yalivyofika, kisha linganisha: magari yaliyotoka kwa siku, na muda wa geti hadi geti. Tofauti ikizidi asilimia 10, modeli ina kasoro, irudie. Mwite stoo kipa na dereva wa siku nyingi waitazame ikicheza. Watakuambia mambo ambayo saa yako haikuyaona: korido ya nne haipitiki mchana kwa sababu paleti tupu hulazwa pale, au taa ya kona imekufa kwa hiyo watu wanazunguka. Baada ya hapo endesha kila jaribio mara 20 hadi 30, kila mara kompyuta ikichagua nyakati nyingine kwa bahati nasibu, na utazame siku mbaya, siyo wastani peke yake. Wateja wanapiga simu siku mbaya.

Kwenye mpangilio, chora nguzo za jengo. Unaweza kucheka, lakini modeli nyingi hazina nguzo, na nguzo moja katikati ya korido inageuza njia mbili kuwa moja. Foklifti ya kawaida ya tani 2.5 yenye paleti ya milimita 1000 kwa 1200 inataka korido ya mita 3.7 hadi 4. Richi traki, yaani foklifti ya korido nyembamba, inatosheka na mita 2.7 hadi 3, kwa hiyo kwenye upana wako wa mita 36 unaweza kupata karibu safu nzima ya ziada. Lakini magurudumu yake ni madogo, inataka sakafu iliyonyooka, na uani kwenye changarawe haitoki. Bado utahitaji ya kawaida kwa ajili ya magari, na paleti zitakabidhiwa mashine hadi mashine. Makabidhiano hayo yaweke kwenye modeli, yanakula muda.

Bidhaa zinazotoka sana ziwe karibu na milango, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba ukizirundika zote korido moja, foklifti tatu zitakutana humo humo na mbili zitasimama. Zigawe korido mbili au tatu, kila moja sehemu yake ya mbele. Mara nyingi modeli itakuonyesha kwamba kutembea mita chache zaidi ni bora kuliko kusubiri. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, ama sivyo hutajua kipi kilileta nafuu.

Na kabla ya kufungua bolti hata moja, chora korido mpya kwa chaki sakafuni, mpitishe dereva na paleti iliyojaa. Jambo jingine ambalo simulesheni hailijui: ukipandisha boriti ya kwanza ya raki ili kupata nafasi chini, miguu ya raki inabeba uzito mdogo kuliko awali. Kile kibati cha uzito kilichobandikwa kimeshakuwa cha uongo. Muulize mtengenezaji kwanza.

Mafunzo sasa. Miwani inafundisha vizuri mambo matatu: usukani wa magurudumu ya nyuma, ambao humshangaza mtu aliyetoka kwenye gari kwa sababu kitako ndicho kinachotupa nje na kugonga raki, mpangilio wa hatua (simama, nyoosha, nyanyua, ingia, nyanyua kidogo, toka, shusha, ndipo ugeuke), na mazoea ya kutazama nyuma na kupiga honi mwisho wa korido. Mtembea kwa miguu anayechomoza ghafla unaweza kumleta mara 50 kwenye miwani bila kumuumiza mtu. Haifundishi uzito. Mzigo unavyoyumba, paleti iliyovunjika ubao, sakafu yenye mafuta, breki inavyojibu: hayo yanasubiri mashine halisi. Hata kanuni ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, 1910.178, inadai mafunzo ya vitendo na tathmini ya dereva akiwa kazini, na kurudia tathmini kila miaka 3. Kwa hiyo miwani isiwe cheti.

Siku za mwanzo, dakika 10 hadi 15 kwa mkao mmoja, kisha apumzike. Wengine hupata kichefuchefu. Akianza kutoka jasho la baridi mvue, usimwambie avumilie. Akae kwenye kiti, feni mbele yake, na pedi ya uso ifutwe kati ya mtu na mtu. Tumia usukani na levi, siyo vishikio vya mkononi. Na levi zifanane na za mashine yenu: kuna foklifti unazobadilisha mbele na nyuma kwa levi karibu na usukani, na kuna za pedali moja ya mguu. Ukimfundisha moja akakuta nyingine, siku ya dharura mguu utakwenda pasipo.

Mruhusu kupanda mashine akimaliza mizunguko 3 mfululizo bila kugusa raki na bila kusahau kutazama nyuma. Halafu uani na koni, paleti tupu. Kisha mzigo, mikono ya foklifti (vyuma vinavyoingia chini ya paleti) sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu na mlingoti unaoipandisha umelazwa nyuma. Kisha raki ya chini. Ya juu mwishoni kabisa. Kwenye somo la mzigo mpeleke asome kibati cha mashine. Kilo 2,500 ni kwa kitovu cha mzigo kilicho milimita 500 kutoka mgongo wa mikono, pale inaposimama wima. Paleti ikichukuliwa kwa urefu wa 1200, kitovu ni 600, na uwezo umeshapungua.

Ukipata nyakati za geti za wiki ya kwanza, weka hapa pamoja na mchoro wenye nguzo. Kwa hizo mbili tu tunaweza kujua kama tatizo liko mlangoni, koridoni au kwenye dawati la karatasi.